Wimbi Lililoanzia Dirishani

Moraa mwanangu,

Kesho unaondoka, nami nimekaa hapa kwenye kizingiti cha jikoni na kalamu, jua linashuka upande wa Manga. Sabato haijaisha na mimi tayari naandika, Mungu atanisamehe au hatanisamehe. Mama yako anapitapita na sufuria akijifanya haoni ninachofanya. Mambo ya blanketi, ya sabuni, ya kutokula ovyo njiani, ameshakueleza mara tatu. Sitaongeza. Mimi nina neno moja tu, na hilo moja limenikalia kooni miaka kumi na sita.

Utashangaa kwa nini Kiswahili. Katika nyumba hii Kiswahili ni cha taarifa ya habari na cha kugombana na karani wa majani chai. Lakini kwa Ekegusii neno hili halitoki. Chinsoni, ile aibu yetu, inanikaba. Unajua vile tulivyo: baba ana mpaka wake mbele ya bintiye, mkwe ana mpaka wake mbele ya mama mkwe, na aibu hiyo ndiyo tunayoiita heshima. Kwa Kiswahili naona aibu kidogo kidogo, nikiwa kama mtu aliyeazima koti. Kuna sababu ya pili pia, lakini hiyo nitaisema mwishoni. Usirukie mbele, nakujua.

Unaenda Dar es Salaam kusoma fizikia. Mwalimu mkuu alipokuuliza fizikia ya kitu gani, ukamjibu, "Ya jua," na wazee wote pale wakacheka. Mmoja akasema, "Jua si lipo tu? Linasomwa nini?" Mimi sikucheka. Nilitoka nje nikajifanya natafuta ng'ombe. Jua mimi nalijua kwa ubaya, Moraa, na nilipokusikia ukilitaja niliona kama deni la mtu mwingine limekuja kukaa mezani kwangu.

Sikiliza basi.

Ilikuwa miaka mitatu hivi kabla ya Uhuru. Nilikuwa nashika redio katika ofisi ya serikali huku juu, redio ya mawimbi mafupi, kubwa kama kabati. Kazi yangu ilikuwa kuita Kisii mara tatu kwa siku na kuandika yanayosemwa. Nilikuwa kijana, nina kaptula iliyopigwa pasi, na watu walinisalimia kabla sijawasalimia. Najuta kusema nilipenda sana hilo la kusalimiwa.

Wewe ulikuwa na miaka miwili na surua ilikuwa imekuingia kifuani. Mama yako alikuwa nawe hospitali ya Kisii siku ya nne. Asubuhi ile nyanya yako Kwamboka, mama wa mama yako, alitembea kutoka Birongo mpaka ofisini kwangu kuuliza habari zako. Alikuwa amesikia kwamba mkwewe anaweza kusema na Kisii bila kutembea.

Sasa mama mkwe haingii alipo mkwe wake. Alisimama nje ya dirisha, mgongo kwangu, na akawa anaongea na ukuta. "Ee ukuta," akasema, "mwulize huyo wa ndani kama mtoto ameamka." Tarishi wa ofisi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nami nikaujibu ukuta wangu kwa ndani: "Mwambie wa nje angoje, naita sasa hivi." Huko ndiko kuheshimiana kwetu, na siku ile kulikuwa bado kutamu.

Niliita Kisii. Karani wa kule akanijibu vizuri, sauti safi. Akasema amemtuma mtu wodini, nisikate. Nikangoja. Kwa dirisha nikamwona nyanya yako ameinua uso kuelekea jua, lilikuwa limepanda vizuri. Akasema maneno kwa sauti ya chini, kisha akatema mate, pu, kulielekea jua, mara moja na mara ya pili. Wewe ni mtoto wa kanisa, hukuyaona hayo. Wazee wetu walikuwa wakiamka wanatemea erioba, yaani jua, mate kuomba baraka: wape watoto uzima, ondoa ubaya uende na machweo. Hakuna baraka nyingine kubwa kuliko hiyo, na mimi nililijua hilo tangu nikiwa mdogo.

Karani wa Kisii alikuwa ameanza kusema, "Kuhusu mtoto wako..." Redio ikafa.

Haikukoroma, haikupiga kelele. Taa zake zilikuwa zinawaka, betri nzima, lakini ndani kimya kabisa. Niliita, nikaita, nikazungusha vifundo vyote. Moraa, mtu akisikia "kuhusu mtoto wako" halafu kimya, akili yake haikai kichwani. Nikatoka mbio mlangoni. Watu walikuwa wamejaa uani, wa kodi, wa kesi, wa barua. Nikamwonyesha nyanya yako kwa kidole, mimi, mkwe wake, nikapiga kelele: "Mate yake yameua redio!"

Ni hilo tu. Maneno manne. Hayajafika hata robo ya mstari.

Nyanya yako hakugeuka, hata pale hakuvunja heshima. Alijifunika kitambaa usoni akaondoka.

Baada ya nusu saa na ushee redio ikarudi yenyewe. Sikuigusa. Karani wa Kisii alikuwa anahema: "Wewe! Hata huku ilikuwa imekufa! Na Kericho pia hawasikii! Mtoto wako ameamka, anadai uji." Hivi ndivyo alivyosema, na mimi nilielewa. Kama redio ya Kisii ilikufa, na ya Kericho ikafa, basi mate ya mama mmoja wa Birongo hayakuwa na habari nayo. Nilielewa pale pale, kalamu ikiwa mkononi. Watu bado walikuwa uani. Ilinipasa kutoka nje niseme, "Jamani, nimekosea. Sijui ni nini kilichoiua." Sikutoka. Niliona aibu kwa kaptula yangu. Nikajiambia maneno ya hasira yatapoa yenyewe, mtoto amepona, ya nini kuyafukua?

Hayakupoa. Jioni yalikuwa soko la Nyaramba. Siku ya tatu yalikuwa Birongo, na huko yakawa yameongezeka mguu na mkia: ya kwamba alikuwa ametaka kuua mtoto, serikali ikamkamata kwa redio. Watu wakasema lisemwalo lipo, kama halipo li njiani laja. Jirani mmoja akakumbuka ndama wake. Mwingine akakumbuka mimba iliyotoka. Siku ya tisa nyumba ya nyanya yako iliteketea na nafaka yake yote ya wimbi, mavuno mawili, ikiwa ghalani. Yeye mwenyewe aliponea shambani, akakimbilia Suneka kwa kaka yake. Aliondoka na jembe na nguo za mwilini, baada ya kuzaa watoto saba katika boma lile.

Hayo ndiyo uliyofichwa. Wewe uliambiwa tu usile kitu cha Suneka. Unakumbuka ulipokuwa darasa la tatu, tukakutana naye sokoni, akakupa ndizi mbivu akiwa ametazama pembeni kwa ajili yangu? Niliitwaa mkononi mwako nikaitupa mtaroni. Hukulia. Ulinitazama tu, kisha ukaitazama ile ndizi. Macho yale ninayo mpaka leo.

Sasa nije kwenye jua lako.

Mwaka ule jua lilipofunikwa na mwezi nilikuwa nimeacha kazi ya serikali, nikasikia wageni wa sayansi wanatafuta mtu wa kushika redio kambini, kaskazini, kando ya Ziwa Rudolf. Nilikwenda kwa sababu ya mshahara, usidhani nilitafuta elimu. Huko kulikuwa na mama mmoja, mwalimu wa jua, tulimwita Mama Miwani kwa sababu alining'iniza miwani mitatu shingoni na bado aliitafuta. Alikuwa amekaa Nairobi miaka mingi na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kushinda changu.

Jioni moja akaniambia anachunguza wimbi linalopita juani. Mimi nikamwuliza, "Wimbi? La uji?"

Alicheka mpaka miwani miwili ikaanguka. Lakini baadaye akaniambia nimesema vizuri kuliko nilivyojua. "Umeona shamba la wimbi likipigwa na upepo?" Nikamwambia mimi nimekulia humo. "Basi. Shuke linainama, linainuka. Halitoki mahali pake. Kinachosafiri ni ule mwinamo."

Akanieleza. Jua lina hewa yake ya nje, nyembamba mno, ya moto kuliko hata uso wa jua wenyewe, na kwa nini iwe hivyo wao wenyewe bado wanagombana. Hiyo ndiyo korona. Siku za kawaida mwanga wa jua unaificha. Mahali pamoja pa jua pakilipuka, mshtuko unatoka pale na kutanda ndani ya korona, kama ule mwinamo shambani, kwa mwendo wa karibu kilomita elfu moja kwa sekunde. Nilipiga hesabu kwa kidole mchangani. Likianzia hapa Nyaramba, limeipita Nairobi kabla hujamaliza kutoa salamu ya "Bwakire." Na lenyewe ni gumu kuliona, linapita juu. Watu waliona kwanza alama yake chini, mstari unaokimbia juani, wakadhani ndilo wimbi lenyewe. Baadaye ndipo mtu akakokotoa kwamba kinachokimbia hasa kiko juu, na ule mstari ni nyayo zake tu.

Akanionyesha picha kadhaa zilizopigwa moja baada ya nyingine. Kwenye uso wa jua kulikuwa na uzi mweusi wa gesi, umening'inia. Akasema uzi huo unaweza kutulia siku nyingi. Mlipuko ulikuwa mbali kabisa, upande mwingine wa picha. Picha ya pili, hakuna kitu. Picha ya tatu, hakuna. Ya nne, ule uzi umetikisika, umefifia, kama umezimwa. "Mara nyingine unarudi," akasema. "Mara nyingine hukatika kabisa."

Nikamwuliza, "Na huo uzi ulikosa nini?"

"Haukukosa kitu. Ulikuwa njiani tu."

Moraa, sijui kwa nini nilimwuliza lililofuata. Labda moyo ulikuwa umeshajua. Nilimwuliza kama mlipuko wa jua unaweza kuua redio.

"Kila mara," akasema, kama mtu anayeulizwa kama mvua inalowesha. Mwanga wa mlipuko unatufikia kwa dakika nane, unaivuruga ile hewa ya juu angani inayorudisha sauti za redio chini, na upande wa dunia wenye mchana redio za mawimbi mafupi zinakuwa bubu. Nusu saa, saa moja. Kisha zinarudi zenyewe. "Na mafundi wengi," akasema, "huwa wanasingizia kitu kilicho karibu."

Niliketi mchangani. Akadhani ni jua la kaskazini limenipiga, akaniletea maji.

Siku ya tatu mwezi ukalifunika jua. Mbuzi walilala, na upepo ukawa baridi. Nikainua macho nikaona pale palipokuwa jua pamekuwa tundu jeusi, na korona imelizunguka, nyeupe, ina manyoya marefu yaliyotulia tuli. Dakika nne na zaidi. Wenzangu walilia kwa uzuri wake. Mimi niliogopa kama sijawahi kuogopa. Niliona jicho limefumbuliwa, na lilikuwa linaniangalia mimi peke yangu. Nikaapa kwamba nikifika nyumbani nitasema.

Nilifika nyumbani na sikusema. Miaka mitatu sasa. Kila mara nilikuwa na kisingizio kizuri: mkwe hawezi kumwendea mama mkwe, ni chinsoni. Haki ya Mungu, nimeitumia heshima ya baba zetu kama pazia la choo. Mama yako aliniambia mwaka jana, bila kunitazama, "Wewe ulisema neno moja. Mama yangu amelilalia njaa." Nikamwambia apunguze chumvi kwenye mboga. Unaona mtu uliyepewa kuwa baba.

Sasa Alhamisi hii nilikuwa kwenye kinu cha kusaga. Mtu mmoja, mfanyabiashara wa ndizi, alikuwa anapiga domo mlangoni. Alisema Suneka watoto wawili wamekufa kwa homa mwezi huu, na kwamba sababu inajulikana. Ni yule mama mzee anayekaa peke yake tangu kaka yake afe. "Mnamjua," akasema. "Mama Redio. Mate yake yaliua redio ya serikali! Mkwewe mwenyewe alishuhudia, na ni mtu wa kanisa, hasemi uongo. Jumapili soko likiisha, vijana wataenda kumwuliza."

Unga wangu ulimwagika, sikuuzoa. Maneno yangu, Moraa. Yale yale manne, kwa mpangilio wake, katika kinywa cha mtu ambaye hanijui sura. Na unajua maana ya "kumwuliza." Birongo pia walikwenda kumwuliza.

Mama yako alikimbia Suneka jana. Alimwomba nyanya yako atoke, aje hata alale kwa jirani. Nyanya yako alikuwa anapeta wimbi. Akasema, "Nilikimbia mara moja wakaniita mchawi kwa sababu nilikimbia. Sikimbii tena." Mama yako akaenda kwa naibu wa chifu wa kule. Naye, sijui kama ni woga au ni haki, akamjibu, "Mama, wanasema shahidi ni mume wako. Mimi nitaufuta vipi ushahidi wa mtu ambaye mwenyewe amenyamaza?"

Leo kanisani nilisimama. Uliniona. Mzee wa kanisa alipouliza nani ana ushuhuda, nilisimama, watu wote wakanigeukia kwa ile heshima yao. Nikafungua kinywa. Nikaomba tuimbe wimbo. Wewe uliimba kwa sauti nzuri, na mama yako hakufungua mdomo wake.

Wanasema majuto ni mjukuu. Nilikuwa naisikia methali hiyo bila kuielewa. Wewe ndiwe mjukuu wa mama yule, na ndiwe uliyeombewa asubuhi ile. Mimi sina cha kukufundisha kuhusu jua ambacho hao wa Dar es Salaam hawatakufundisha vizuri zaidi. Nina kimoja tu, cha mtu aliyeungua. Kitu kikifa mbele ya macho yako, wewe ukiwa na hofu na watu wamekuzunguka wanangoja, sema "sijui." Ingenigharimu neno moja. Nimelitafuta miaka kumi na sita.

Kesho asubuhi utashangaa kuniona napanda basi la Migori pamoja nawe. Mama yako anajua, ndiyo maana anapitapita. Basi linasimama Suneka kwa muda, na soko litakuwa limeanza kujaa. Nimekusudia kushuka. Nimekusudia kusimama pale sokoni, mgongo wangu kwa mama mkwe wangu kwa heshima, uso wangu kwa watu, niseme kwamba nilisema uongo, na kwamba redio ya Kisii na ya Kericho zilikufa saa ile ile, na kwamba ni jua. Huenda wakanipiga. Huenda wakacheka. Sijui, na kwa mara ya kwanza nalisema kwa moyo.

Lakini umeshanijua. Leo nilisimama nikaomba wimbo. Kwa hiyo barua hii nitakupa tukipita Kisii mjini, uisome kabla hatujafika. Basi likisimama Suneka, ukiniona bado nimekaa natazama magoti yangu, usiningoje na usinionee huruma. Shuka wewe.

Na hii ndiyo sababu ya pili ya Kiswahili. Askari wa kituo cha kule ni watu wa mbali, wenye maduka wengine ni wa kutoka ziwani, na vijana wale wamesoma. Nimeandika ili hata mmoja asiseme hakuelewa, na nimetia sahihi. Simama karibu na nyanya yako. Soma kwa sauti, kuanzia pale mimi nilipomwonyesha kidole.

Utamtambua kwa namna atakavyogeuza uso basi likifika, kwa sababu atadhani mimi nimo ndani. Akiinua macho kuelekea jua akatema mate, usirudi nyuma hata hatua moja. Ni yako hayo, Moraa. Hata yale ya kwanza yalikuwa yako.

Mimi niliyesema,
baba yako.